Confucius na Budha ni wa mrengo gani? Jibu kwa mwalimu wa Historia

SWALI: Mimi ni mwalimu wa Historia, nafundisha kidato cha tano na cha sita mkoani Morogoro. Wanafunzi wangu wamenibana. Wanasema Mao alimpiga vita Confucius, mbona leo serikali ya chama kilekile inafungua Taasisi za Confucius Nairobi na Dar es Salaam? Na Ubudha tunaambiwa ni dini isiyoua hata mdudu, mbona Myanmar kuna watawa waliohubiri chuki dhidi ya Warohingya? Mafundisho haya mawili ni ya kushoto au ya kulia, ya demokrasia au ya udikteta? Niwajibuje?

JIBU: Mwalimu, wanafunzi wako wameuliza vizuri kuliko wachambuzi wengi ninaowasikia redioni. Nakupa jibu kwanza, maelezo yafuate. Mafundisho yote mawili yana maandiko ya kumpa nguvu mtawala na maandiko ya kumbana, na yote hayo yamekuwemo tangu kale. Yapi yasomwe kwa sauti na yapi yafichwe, hilo limetegemea jambo la kidunia kabisa: wanaoyasoma wanakula wapi. Mkonfusio wa kale alikuwa mtu wa kutafuta kazi serikalini. Mtawa wa Kibudha alikuwa mtu aliyeacha kazi zote akabaki na bakuli. Walisimama mahali tofauti mbele ya dola, na mengi yaliyotokea walipokutana na utaifa, ujamaa, ukomunisti na demokrasia yanaanzia hapo.

Kong Qiu, ambaye dunia inamjua kwa jina la Confucius, alizaliwa mwaka 551 KK katika dola ndogo ya Lu, huko Qufu katika jimbo la leo la Shandong. Hakudai kushushiwa ufunuo wala hakuahidi pepo. Alikuwa mwalimu aliyetaka kazi. Kwa karibu miaka 14 alizunguka na wanafunzi wake kutoka kwa mtawala mmoja hadi mwingine akitafuta atakayemsikiliza, na hakumpata. Alichofundisha kilikuwa maandalizi ya watu wa kushika madaraka: anayewaheshimu wazazi wake, anayejua adabu na taratibu, mwenye utu kwa wenzake, huyo ndiye wa kukabidhiwa mambo ya watu. Kila mmoja ana nafasi yake na wajibu wa nafasi hiyo, na mtawala naye ana wa kwake.

Hilo la mwisho watawala hulisahau upesi. Mencius, mwanafalsafa wa Kikonfusio aliyeishi zaidi ya karne moja baadaye, alilisema kwa maneno ambayo hata leo yangemtia mtu matatani katika nchi nyingi: watu ndio wa kwanza, dola inafuata, mfalme ndiye mwenye uzito mdogo kuliko wote. Mfalme wa Qi alimuuliza kama ni halali raia kumuua mfalme wake, akimtolea mfano wa Zhou, mtawala katili wa mwisho wa nasaba ya Shang. Mencius akajibu kwamba amesikia kuuawa kwa jamaa mmoja aitwaye Zhou; kuuawa kwa mfalme hajasikia. Mwaka 1394 mwasisi wa nasaba ya Ming aliagiza kitabu cha Mencius kitolewe upya, vifungu 85 vikaondolewa, na watahiniwa wa mtihani wa kazi za serikali wasiulizwe yaliyoondolewa. Wewe ni mwalimu, unaelewa alichokifanya. Alihariri mtaala.

Nasisitiza mtihani kwa sababu bila huo hatuielewi China ya karne ya 20. Kwa takriban miaka 1,300 kazi za serikali zilipatikana kwa kufanya mtihani, na kwa karne nyingi za muda huo mtihani ulikuwa juu ya vitabu vya Confucius na wafuasi wake. Kijana wa kijijini aliyefaulu aliinua ukoo mzima. Mafundisho haya hayakuwa na makasisi wala majimbo ya kikanisa. Kanisa lao lilikuwa chumba cha mtihani. Mwaka 1905 serikali ya Qing, nasaba ya mwisho ya kifalme, ikiwa hoi baada ya kupigwa na Wazungu na Wajapani, iliufuta mtihani huo. Miaka sita baadaye mapinduzi yakalipuka, na mapema mwaka 1912 mfalme wa mwisho akaachia kiti. Ndani ya muda mfupi Wakonfusio walikuwa wamepoteza mwajiri, mtaala na mfalme.

Aliyejaribu kuwaokoa kwanza aliwaharibia. Yuan Shikai, jenerali aliyegeuka rais, alirudisha ibada rasmi za kumuenzi Confucius mwaka 1914, na mwishoni mwa mwaka 1915 akajitangaza mfalme. Alikufa Juni 1916 bila ufalme wala heshima, lakini vijana walikwisha kuona: anayemtaja Confucius anatafuta kiti cha enzi. Mwaka huohuo wa 1915 Chen Duxiu alianzisha gazeti la vijana mjini Shanghai, akiandika kwamba China haiwezi kuwa na sayansi na demokrasia huku ikiendelea kumsujudia baba, mume na mfalme. Tarehe 4 Mei 1919 wanafunzi wa Beijing waliingia barabarani kupinga mkataba wa Versailles uliowapa Wajapani maeneo ya Shandong, jimbo alikozaliwa Confucius mwenyewe, na kilio cha kubomoa "duka la Confucius" kikawa cha kizazi kizima. Chen ndiye aliyekuja kuwa kiongozi wa kwanza wa Chama cha Kikomunisti mwaka 1921. Kwa hiyo ukomunisti wa China haukumkuta Confucius barabarani ukaanza kugombana naye. Ulizaliwa ndani ya ugomvi huo.

Upande wa pili, Chiang Kai-shek, mtawala wa China na adui wa wakomunisti, alizindua Harakati ya Maisha Mapya mwaka 1934. Adabu, haki, uadilifu na haya viliwekwa kuwa nguzo za taifa, vikachanganywa na nidhamu ya kijeshi iliyokuwa ikivuma Ulaya wakati ule, na raia wakaelekezwa hadi namna ya kufunga vifungo vya nguo na kutotema mate ovyo. Hapo una Confucius wa mrengo wa kulia, aliyevalishwa sare.

Wanafunzi wako watashangaa zaidi wakisikia kwamba hata Confucius wa kikomunisti alikuwepo. Mwaka 1939, katika ngome ya chama huko Yan'an, Liu Shaoqi, mmoja wa viongozi wa chama, alitoa mihadhara juu ya namna ya kuwa mkomunisti mzuri, na ndani yake akawanukuu Confucius na Mencius kuhusu mtu kujichunguza na kujilea. Wazo kwamba kada lazima ajirekebishe nafsi kila siku kabla ya kuirekebisha jamii halikutoka kwa Marx. Marx alizungumzia matabaka na mali. Kitabu kilichotokana na mihadhara ile kilisomwa na makada wengi mno, na Liu akafika kuwa mkuu wa nchi. Mapinduzi ya Utamaduni, kampeni ya Mao ya kufagia mambo ya kale na wapinzani wake, yalipomgeukia, kitabu kikatangazwa kuwa sumu, naye akafa kizuizini mwaka 1969.

Mao alipovunja, alivunja kwa dhati. Novemba 1966 Walinzi Wekundu, vijana wafuasi wa Mao, kutoka Beijing walifika Qufu, wakavunja mawe ya kumbukumbu, wakaichoma sanamu ya Confucius, wakafukua makaburi ya ukoo wa Kong. Mwaka 1974 kampeni ya kumpinga Lin Biao na Confucius ikaenea nchi nzima. Lin Biao alikuwa mrithi mteule wa Mao, aliyekufa kwa ajali ya ndege Mongolia mwaka 1971 baada ya kutuhumiwa kula njama. Unaweza kuuliza: jenerali wa karne ya 20 na mwalimu wa kabla ya Kristo wanashirikiana nini? Ilidaiwa kwamba Lin aliandika nyumbani kwake maneno ya Confucius kuhusu kujizuia na kuzirudia taratibu za kale. Katika siasa za China marehemu wa miaka 2,500 anaweza kushtakiwa pamoja na marehemu wa juzi.

Basi kilibadilika nini hadi leo? Mao alitaka mapinduzi yasiyokwisha. Waliomfuata walitaka utulivu na ukuaji wa uchumi. Chama kilichoshika dola kwa miongo hakihitaji tena itikadi ya kupindua, kinahitaji itikadi ya kutawala, na Ukonfusio ulishafanya kazi hiyo kwa muda mrefu. Deng Xiaoping, aliyeiongoza China baada ya Mao, Desemba 1979 alimweleza Waziri Mkuu wa Japani kwamba lengo lake ni jamii yenye maisha ya wastani mazuri, msemo uliotoka katika vitabu vya kale vya Kikonfusio. Rais Hu Jintao akaja na "jamii yenye utangamano". Taasisi ya kwanza ya Confucius ilifunguliwa Seoul mwaka 2004. Ya kwanza barani Afrika ilianza Chuo Kikuu cha Nairobi Desemba 2005, na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kikapata yake mwaka 2013. Humo zinafundishwa lugha na utamaduni wa China, na wanafunzi wengi huenda kutafuta Kichina cha kazi na nafasi za masomo, wala simlaumu mtu. Falsafa ya Confucius mwenyewe haipo sana. Jina limechaguliwa kwa sababu linasikika kama utamaduni. Mchague Mao uone nani atakufungulia mlango wa chuo kikuu.

Novemba 2013 Rais Xi Jinping alikwenda Qufu kwa heshima zote, na Julai ya mwaka huohuo sheria ilianza kutumika inayowataka watoto waliokomaa kuwatembelea wazazi wao wazee mara kwa mara. Sheria hiyo mimi naiona inaeleza mengi kuliko hotuba. Familia za mtoto mmoja, vijana wamehamia mijini kutafuta kazi viwandani, wazee wamebaki vijijini na pensheni ndogo: serikali ina tatizo la bajeti, na Confucius ana jibu lisilo na gharama.

Ila usidhani mambo yameisha. Januari 2011 sanamu ya Confucius yenye urefu wa mita 9.5 ilisimamishwa mbele ya Makumbusho ya Taifa, karibu na uwanja wa Tiananmen, ikitazamana na picha ya Mao. Aprili ikaondolewa usiku, ikapelekwa ua wa ndani, bila maelezo ya maana. Ndani ya chama wapo wasiomtaka kabisa. Ukimsifu Confucius kupita kiasi, lazima ueleze ulichokifanya Qufu mwaka 1966. Ukimsifu Mao kupita kiasi, hivyohivyo.

Nje ya China mjadala ulikuwa wa wazi zaidi, na huu ndio ningeupeleka darasani. Mwaka 1994 Lee Kuan Yew, aliyekuwa waziri mkuu wa Singapore kwa miongo mitatu, katika mahojiano marefu na jarida moja la Marekani, alieleza kwamba jamii za Asia ya Mashariki zimejengwa juu ya familia, nidhamu na mpangilio, na kwamba mfumo wa Kimarekani wa haki za mtu binafsi hauzifai. Miaka ya 1980 serikali yake iliingiza maadili ya Kikonfusio shuleni kama somo la hiari, likakosa wanafunzi wengi, likafutwa. Mwaka huohuo wa 1994, katika jarida hilohilo, alijibiwa na Kim Dae-jung, mwanasiasa wa upinzani wa Korea Kusini. Kim alikuwa amehukumiwa kifo mwaka 1980 na utawala wa kijeshi, hivyo nidhamu ya Asia aliijua kwa upande wa pili. Alikumbusha kwamba karne nyingi kabla ya John Locke, mwanafalsafa Mwingereza wa haki za raia, Mencius alikwisha kufundisha kwamba mtawala mbaya anaondolewa na watu. Mwaka 1998 Kim akawa rais wa nchi ile. Watu wawili, maandiko yaleyale; mmoja amekaa madarakani miongo mitatu, mwingine ametoka kwenye kivuli cha kitanzi. Wanafunzi wako wataona wenyewe kwa nini kila mmoja alifungua ukurasa wake.

Niongeze mtu mmoja anayesahauliwa. Peng-chun Chang, mwakilishi wa China kabla wakomunisti hawajaishika nchi, alikuwa makamu mwenyekiti wa tume iliyoandika Tamko la Haki za Binadamu la mwaka 1948. Ibara ya kwanza ilikuwa ikimtaja binadamu kama kiumbe mwenye akili. Chang akasema haitoshi, lazima liwemo lile analolifundisha Confucius, hisia ya mtu kwa mtu mwenzake. Ndiyo maana ibara hiyo leo inataja akili na dhamiri. Anayesema haki za binadamu ni mali ya Wazungu peke yao amwangalie Chang.

Sasa bakuli. Budha aliacha jumba la baba yake, na wafuasi wake wa karibu waliacha nyumba, shamba na ndoa. Wanaishi katika jumuiya ya watawa, sangha, ambayo kanuni zake za kale zinawataka kukutana mara kwa mara, kuamua kwa maelewano na kutomiliki mali binafsi. Unaweza kuona ujamaa hapo, na wengi wameuona. Lakini mtawa hapiki. Asubuhi anapita na bakuli, raia wanampa chakula, naye anawapa nafasi ya kupata thawabu. Mkono mtupu haulambwi, na hivyo kwa karne nyingi mwenye mkono mkubwa kuliko wote alikuwa mfalme: alijenga mahekalu, akatoa ardhi, akateua wakuu wa watawa, akawavua majoho waliopotoka. Kwa malipo yake watawa walimtangaza kuwa mfalme wa haki, wakimlinganisha na Ashoka, mtawala wa India wa karne ya 3 KK aliyejutia damu iliyomwagika katika vita vyake vya Kalinga akageukia mafundisho.

Maandiko yao nayo yana pande mbili. Agganna Sutta inasimulia kwamba mfalme wa kwanza alichaguliwa na watu waliochoka kuibiana, wakakubaliana kumpa sehemu ya mpunga wao kama ujira. Hakushuka mbinguni. Andiko jingine linaeleza ufalme ulioharibika kwa sababu mfalme hakuwapa maskini kitu: umaskini ukaleta wizi, wizi ukaleta silaha, silaha zikaleta mauaji. Ni uchambuzi wa jamii ambao mjamaa yeyote angeukubali. Ila ipo pia Mahavamsa, historia iliyoandikwa na watawa wa Sri Lanka yapata karne ya 5 au ya 6, ambamo mfalme Dutthagamani anahuzunika kwa maelfu aliowaua vitani, na watawa wanamtuliza: aliowaua ni kama mtu mmoja na nusu tu, wengine hawakuwa waumini.

Nakuomba ulikumbuke andiko hilo, tunarudi kwake.

Mwaka 1815 Waingereza waliuchukua ufalme wa Kandy huko Sri Lanka, wakiahidi kwa mkataba kuilinda dini ya Budha, ahadi waliyoilegeza baadaye kwa shinikizo la wamisionari. Mwaka 1885 waliingia Mandalay, wakamkamata mfalme Thibaw wa Burma, nchi tunayoiita leo Myanmar, wakampeleka uhamishoni India. Serikali ya kikoloni haikutaka kubeba kazi ya mfalme ya kuwalea na kuwasimamia watawa. Sangha ikabaki bila mlezi na bila msimamizi kwa wakati mmoja. Hii ndiyo sababu, kwa maoni yangu, watawa wa nchi hizi mbili waliingia siasa kuliko wengine: walikuwa wanamtafuta mfalme mpya, na karne ya 20 ilikuwa na mmoja tu wa kuwapa, taifa. U Wisara alikufa gerezani Rangoon mwaka 1929 baada ya siku 166 za mgomo wa kula, akipinga wakoloni. Alikuwa shujaa wa kupigania uhuru na mtawa, bila kuona mgongano wowote.

Taifa, lakini, lina mipaka ambayo mfalme hakuwa nayo. Mfalme wa Kandy angeweza kuwa na ukoo wa kigeni kutoka India ya Kusini, na wa mwisho walikuwa nao, mradi aliwalisha watawa. Taifa linauliza wewe ni kabila gani.

Burma ilianza na mrengo wa kushoto. Wanamapinduzi vijana wa miaka ya 1930 waliusoma Umarksi kwa macho ya Kibudha, wakieleza jamii isiyo na matabaka kama nirvana, ukombozi wa mwisho wa Kibudha, ya hapahapa duniani. U Nu, waziri mkuu wa kwanza baada ya uhuru wa mwaka 1948, aliutetea ujamaa kwa hoja kwamba tamaa ya mali inamzuia mtu kufikia ukombozi. Sisi tuliokua na Azimio la Arusha tunaitambua mbinu hiyo: kuuonyesha umma kwamba ujamaa ulikuwa wetu kabla Marx hajazaliwa. Mwaka 1961 U Nu aliufanya Ubudha dini ya taifa. Makabila yenye Wakristo yakachukia, na Machi 1962 Jenerali Ne Win akampindua, naye akaja na "Njia ya Kiburma ya Ujamaa", iliyochanganya lugha ya Budha na ya Marx na kuifanya nchi yenye mchele mwingi kuwa fukara.

Sri Lanka ilikwenda njia nyingine, kwa kura. Mwaka 1956, dunia ya Kibudha ikiadhimisha miaka 2,500 tangu Budha afe, S. W. R. D. Bandaranaike alishinda uchaguzi akibebwa na watawa waliopita nyumba kwa nyumba, akaahidi Kisinhala, lugha ya walio wengi, kiwe lugha pekee ya serikali. Alipojaribu kulegeza kwa kuwapa Watamil, walio wachache, nafuu kidogo, watawa waliandamana hadi nyumbani kwake na makubaliano yakachanwa. Septemba 1959 mtawa alimpiga risasi, na mkuu wa hekalu maarufu la Kelaniya, aliyekuwa kinara wa kampeni yake ya mwaka 1956, akapatikana na hatia ya kuipanga njama hiyo. Kesi ilitaja pia ugomvi wa maslahi ya biashara. Demokrasia na Ubudha vilikuwa pale vyote, na viliungana kuwatenga wachache.

Hapo ndipo panapoelezeka Myanmar ya juzi. Septemba 2007, bei ya mafuta ilipopandishwa ghafla, watawa kwa maelfu waliandamana dhidi ya majenerali, wakapindua bakuli zao kukataa sadaka ya wanajeshi. Kwa Mbudha hiyo ni adhabu kali: unamfungia mtu njia ya thawabu. Miaka michache baadaye, wanajeshi walipolegeza kamba, kukaibuka makundi ya watawa wenye siasa kali, na Wirathu ndiye aliyejulikana zaidi, wakihubiri kwamba Waislamu wataimeza nchi. Mwaka 2015 walipata sheria nne walizozidai, zikiwemo za kudhibiti ndoa na kubadili dini. Agosti 2017 jeshi liliwashambulia Warohingya, Waislamu walio wachache nchini humo, na zaidi ya watu 700,000 wakakimbilia Bangladesh. Oktoba ya mwaka huo mmoja wa wahubiri wanaoheshimika sana nchini aliwasomea maofisa wa jeshi kisa cha Dutthagamani na yule mtu mmoja na nusu.

Waambie wanafunzi kwamba Ubudha haukuacha kukataza kuua. Katazo liko palepale, ni la kwanza kati ya matano ya kila muumini. Kilichofanyika ni kutafuta andiko la pembeni linalosema kwamba fulani si mtu kamili. Wanaoijua historia ya mwaka 1994 ya jirani zetu Rwanda, nchi yenye makanisa kila kilima, hawahitaji maelezo marefu hapo. Tena wapo watawa waliowahifadhi Waislamu mahekaluni wakati wa ghasia. Walifuata amri ya kwanza, na hawakupewa maikrofoni.

Nani basi aliutumia Ubudha kisiasa bila kulitegemea bakuli? Bhimrao Ambedkar. Alizaliwa katika tabaka walioitwa wasioguswa, akasoma New York na London, akaongoza kamati iliyoandika rasimu ya katiba ya India. Tarehe 14 Oktoba 1956, mjini Nagpur, aliuacha Uhindu na kuingia Ubudha pamoja na mamia ya maelfu ya watu wake. Wengi wao walikuwa vibarua na maskini wa mashambani. Hawakuwa na mfalme wa kumtukuza wala hekalu la kulilinda. Mwezi uliofuata, Kathmandu, alimlinganisha Budha na Marx. Alisema wote wawili wanakubaliana kwamba dunia imejaa unyonyaji na kwamba mali binafsi ina mkono wake humo. Tofauti yao ni njia. Marx anahitaji nguvu na udikteta, Budha anaibadili nia ya mtu ili afuate kwa hiari, na sangha isiyomiliki mali ilikuwa imefika huko bila polisi. Alikufa Desemba 6, wiki chache tu baadaye. Mtu anaweza kumwambia Ambedkar kwamba sangha imekula mikononi mwa wafalme siku zote, na kwamba kubadili nia ni kazi ya polepole mno kwa mwenye njaa. Hata hivyo sioni mwingine aliyeukutanisha Ubudha na itikadi za kisasa kwa uaminifu wa akili kama wake. Alilitupa waziwazi fundisho la kwamba unyonge wa leo ni malipo ya maisha yaliyopita, fundisho ambalo wenye nguvu wamelitumia mara nyingi.

Japani, Thailand na Vietnam nazipita. Kila moja ina watawa waliobariki bunduki na watawa waliofungwa au kufa kwa kuzipinga, na mantiki ni ileile.

Lakini Tibet siwezi kuipita, kwa sababu ndiko Chama cha Kikomunisti kimevaa joho la wafalme mbele ya Wabudha kama kilivyolivaa mbele ya Wakonfusio. Dalai Lama, kiongozi wa Wabudha wa Tibet aliyekimbilia India mwaka 1959, amesema mara nyingi kwamba kwa mambo ya uchumi na usawa yeye ni Mmarksi. Mwaka 2011 aliyakabidhi madaraka yake ya kisiasa kwa viongozi waliochaguliwa na Watibeti walioko uhamishoni. China nayo, nchi ambayo wanachama wa chama tawala hawaruhusiwi kuwa na dini, ilitoa kanuni mwaka 2007 kwamba lama, yaani mwalimu mkuu wa Ubudha wa Tibet, hawezi kutambuliwa kuwa amezaliwa upya bila kibali cha serikali. Inadai pia haki ya kutumia chungu cha dhahabu kilichowekwa na mfalme wa Qing mwaka 1793 kwa ajili ya kuamua kwa bahati nasibu nani amezaliwa upya. Julai 2025, akitimiza miaka 90, Dalai Lama alitangaza kwamba ukoo wa uongozi wake utaendelea na kwamba ofisi yake peke yake ndiyo yenye mamlaka ya kumtambua atakayefuata. Beijing ikajibu siku hiyohiyo kwamba lazima ikubali yenyewe.

Kwa hiyo, Mwalimu, swali la kushoto au kulia waachie kidogo, uwape hili badala yake. Gawa darasa makundi manne: Lee Kuan Yew, Kim Dae-jung, Ambedkar, na Bandaranaike wa mwaka 1956. Kila kundi lieleze kiongozi wao alichukua kifungu gani cha mafundisho, aliacha kipi, na nani alinufaika. Wakikuuliza kwa nini Mencius hakufutwa moja kwa moja ilhali aliwatisha wafalme, waambie warudi kwenye vile vifungu 85: viliondolewa kwenye mtihani, nakala kamili zikabaki kwenye makabati ya watu, na si muda mrefu baadaye zikarudi madarasani.